Siku Lerionka Alipoacha Kupiga

Mwalimu Solomoni, kalamu yako ikae tayari, maana mimi sirudii. Misheni imekutuma uandike maisha ya Lerionka mcheza tenisi, ukaambiwa uje kwangu Kijenge kwa sababu hakuna aliyemtazama kama mimi. Umeambiwa kweli. Zipo siku ninamchukia, tena ni nyingi, lakini mchezo wake sijawahi kuukosa.

Alizaliwa Olmotonyi, akachunga ng'ombe kama wenzake, akatahiriwa mwaka mmoja na mume wangu Sakaya. Ni rika moja, na kwetu rika ni ndugu. Wadachi walipotaka uwanja wa nyasi kando ya boma lao, Lerionka akakamatwa kwenda kufyeka. Mkubwa wa boma hakuwa na wa kucheza naye, Wazungu wenzake wako mashambani huko mbali. Siku moja akampa Lerionka raketi, ili mpira urudi tu. Basi ulirudi, Mwalimu. Ulirudi mpaka yule bwana akahema kama mbwa.

Haikupita miaka miwili jina lake likajaa huku kote. Watu walishuka kutoka Meru na mikungu yao ya ndizi, wakasahau kuiuza. Alimshinda mlowezi wa Leganga, akamshinda daktari aliyepita na msafara. Mimi niliunguza maziwa jikoni sijui mara ngapi kwa kukimbilia kumwona. Sakaya akawa ananitania, "Ungeolewa na raketi." Nikamjibu raketi angalau hainywi pombe.

Ila Bwana Mkubwa hakuwahi kushindwa naye. Lerionka alimwachia, nani asiyeogopa kiboko? Sisi tukacheka chini kwa chini, na kicheko chetu mwishowe kikamfikia mwenyewe.

Wakati huo Sakaya alikuwa ndani. Askari alikuja kuchukua mtamba wetu, Sakaya akamsukuma, yule askari akaanguka mbele ya watu. Mume wangu akachapwa viboko hamsa ishirini, akatiwa mnyororo, tukaambiwa Jumamosi anapelekwa kujenga reli upande wa Tanga. Mwaka uliotangulia walipelekwa kumi na wanane. Walirudi watatu, na mmoja wao hakuweza tena kusimama.

Lerionka akaenda bomani kumwombea. Bwana Mkubwa akamjibu, "Ijumaa utacheza nami kwelikweli. Ukishinda, mchukue mwenzako. Ukishindwa, anakwenda."

Ijumaa asubuhi mvua ilinyesha, nyasi zikawa na utelezi. Nilikaa na mama mkwe wangu, Nkasiogi, mkono wake umeshika shuka langu. Nyuma yetu palikuwa na ukuta wa boma na kidirisha cha chumba alichofungwa Sakaya. Kilikuwa juu mno, asingeweza kuona kitu. Askari wa zamu alimsimulia kinachotokea.

Aliyetangulia kufikisha gemu sita angeshinda, mradi amwache mwenzake kwa mbili. Bwana Mkubwa akapata tatu za mwanzo. Lerionka akazirudisha zote, akaenda nne, akaenda tano. Bwana akavuta moja, akawa na nne. Yule Mdachi uso umemwiva, kofia ameitupa. Ikabaki pointi moja tu, Mwalimu. Moja, na mume wangu alale kwangu usiku ule.

Lerionka akapiga mpira mfupi. Bwana akaukimbilia kwenye wavu, akateleza, akaanguka magoti, lakini raketi yake ikaugusa. Mpira ukapanda juu, mwepesi, wa kupigwa na mtoto. Bwana akajishika chini ainuke, akainuka na konzi ya majani, akaiweka mbele ya uso wake kwa woga, hatua nne tu kutoka alipo Lerionka.

Hapa nisikilize, maana wewe ni Mmeru na kwenu labda si hivyo. Kwetu Waarusha, mtu akishika majani hapigwi. Awe mtoto unayemchapa, awe adui uliyemkimbiza tangu alfajiri, akiinua majani ameomba amani na mkono wako unashuka. Yule Mdachi hakujua lolote. Alikuwa anajikinga tu.

Raketi ya Lerionka ilikuwa juu ya kichwa. Ikasimama hapohapo.

Na mimi, niliyekuzwa kwa majani hayohayo, nilisimama nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, "Mpige! Mpige huyo!" Wanawake wote wakageuka kunitazama. Nkasiogi akaliachia shuka langu.

Mpira ukaanguka nyuma ya Lerionka. Baada ya pale mkono wake ukafa, akapoteza ile gemu na mbili zilizofuata.

Nilimfuata palepale. "Ungepiga pembeni," nikamwambia.

"Nilikuwa nimeshamlenga yeye, Nashipae. Mkono ulikataa."

Nikamtukana tusi ambalo hutaliandika katika kitabu cha misheni.

Jumamosi walinikubalia nimpelekee Sakaya kibuyu cha maziwa kabla msafara haujaondoka. Mama yake alikuwa pembeni yangu. Nikaanza kumlaani Lerionka, Sakaya akanikatiza.

"Aliyaona majani?"

"Aliyaona."

"Basi mwache. Hata mimi nisingepiga." Akanywa, akafuta mdomo kwa mkono wenye mnyororo. "Lakini kuna mwanamke alipiga kelele mtu apigwe huku ana majani mkononi. Nilimsikia kule ndani. Alikuwa nani?"

Nkasiogi alinitazama.

"Sikumwona," nikasema. "Watu walikuwa wengi."

Sakaya akashusha pumzi. "Nilidhani ni sauti yako. Usiku kucha sikulala kwa jambo hilo. Sasa nakwenda na moyo mweupe."

Akanirudishia kibuyu, mnyororo ukavutwa, wakaondoka. Huu ni mwaka wa sita na hajarudi, na aliyefanya naye kazi kule ametuambia tusimngoje. Nkasiogi na mimi tunalala nyumba moja, tunakula chungu kimoja. Hajaniuliza kwa nini nilimdanganya mwanawe.

Mwandike Lerionka wako vizuri, anastahili. Na utakapofika pale kwenye kelele, usiandike "mwanamke mmoja". Andika Nashipae, mke wa Sakaya.