Majiko ya Sabiha

Mama mwenzangu, ukikuta mtoto anakula mchana wa Ramadhani, usimcheke. Uliza kwanza.

Sabiha wangu alikuwa akichoka hata kufunga vifungo vya sare. Tulimwita mvivu, tukamnywesha kombe la maji ya aya za Kurani, mwisho tukampeleka Dar. Daktari Khairat akanieleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe zisizoonekana kwa macho, na ndani ya chembe moja mna majiko madogo, mamia kwa mamia, yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Yanaitwa mitokondria. Mimi niliyeishia darasa la saba nikautazama mkono wangu kama mgeni. Mji mzima umo humu, unapika!

Ya Sabiha yanawaka kwa shida. "Asikae na njaa," daktari alisema. "Asifunge kabisa."

Ramadhani ikaingia. Watoto wa hapa Kaole wakimwona na kikombe cha uji, wanaimba: "Kobe huyoo! Kobe kala mchana!"

Jioni moja nikaona kuku wanagombea uji uani. Sabiha nikamkuta kalala ukumbini, midomo mikavu, shingo haikai.

"Nimefunga, mama. Mimi si kobe."

Nikakimbilia maji ya sukari. Mama yangu, Bi Adija, akanidaka mkono.

"We mwanangu! Magharibi hiyo inaingia. Mwache apate swaumu yake."

"Mama, majiko yanazimika!"

"Majiko gani tena?"

"Ya daktari! Mtoto huyapata kwa mamaye tu. Yake yametoka kwangu, yangu yametoka kwako."

Mama akaniachia. Akajitazama viganja. Kisha kikombe akakishika yeye.

"Bismillahi, mjukuu wangu. Meza kidogo kidogo."

Tukamkimbiza hospitali, wakamtundikia dripu. Nikaiona rangi inarudi midomoni, nikajua mle ndani, bila moshi wala sauti, yanawaka tena. Subhanallah, nililia.

Aliporudi nyumbani, mama alimkalisha barazani na bakuli la uji. Watoto wakajaa.

"Haya, imbeni," mama akasema. "Ila muanze na mimi, kobe mkubwa."

"Bibi, si umefunga wewe?" Yasmini, mwimbishaji wao, akauliza.

"Nimefunga. Na huyu anakula kwa ruhusa ya Mungu huyohuyo. Ana majiko mwilini, yametoka kwangu, yakikosa chakula yanazimika."

Yasmini akajishika kifua. "Na mimi ninayo?"

"Unayo," Sabiha akamjibu, uji mdomoni. "Kamwambie mamako ahsante."