Mume wa Getruda

Getruda alimuua mumewe kwa neno moja, tena huku anageuza sato kwenye kikaango. Mchumba wake Gasper, fundi pikipiki aliyetoka Bunda akahamia mtaa wa Mwisenge mjini, alitaka kujua yule bibi anayekuja kumtembelea kutoka Buswahili ni nani. "Mama mkwe wangu," alijibu. Na mwanawe yuko wapi? "Alishafariki." Gasper akampa pole, wakala samaki wao.

Uongo wa namna hiyo unatulia vizuri tu mpaka ufike ofisi ya parokia. Tangazo la ndoa lilikuwa limeshasomwa Jumapili mbili na mchele wa harusi umeshanunuliwa, ndipo Padri Chrispin aliposikia kwamba Getruda ni mjane, akawaita. Mjane, alisema, haolewi kwa neno lake mwenyewe. Lazima ijulikane kwamba ndoa ya kwanza imekwisha. Alete cheti cha kifo, na kama hana, aje ndugu wa marehemu aseme mbele yake. Bila hivyo tangazo la tatu halisomwi.

Sasa marehemu huyo hakuwa na kaburi, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa. Aliyemtolea Getruda ng'ombe alikuwa Wankyo, yule yule bibi. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, na kwao mwanamke wa hivyo huruhusiwa kuoa mwanamke mwenzake. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoita. Binti anazaa na mwanamume wanayekubaliana, na watoto wanakuwa wa mji wa bibi. Getruda hakuzaa. Miaka ikapita, mpaka Wankyo mwenyewe akamwambia nenda mjini ukatafute maisha yako, na ng'ombe wake hakuwadai. Ndiye mwanamke ambaye Getruda alimfuata mnadani Butiama, akamwomba aje aseme mbele ya padri kwamba amezika mwana. Lilikuwa ombi la kikatili, na Getruda alilijua hivyo wakati analitamka.

"Nitakuja," Wankyo alisema.

Alikuja kweli, amevaa gauni lake la kanisani. Akakaa kati ya Getruda na Gasper, mkoba magotini.

"Mama, mwanao aliitwa nani?" padri aliuliza.

"Yusto."

Getruda alishtuka. Jina hilo hawakulipanga.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mrefu. Alikuwaga mkimya kama baba yake. Ugali wa mtama alikuwa anaupenda, wa muhogo hataki hata kuuona. Ukimtuma kwa ng'ombe haulizi mara mbili." Bibi alitabasamu kidogo. "Nywele zake ndiyo zilikuwa ngumu. Nikimnyoa analalamikaga."

Getruda aligeuka kumtazama bibi. Mambo haya hayakuwa ya kubuni asubuhi ile. Mwanamke huyu alikuwa amemlea Yusto kichwani mwake miaka yote, bila kumwambia mtu. Gasper alikuwa anasikiliza kwa adabu, ameinamisha kichwa, na adabu yake ilimchoma Getruda kuliko kitu chochote.

"Pole sana, mama," padri alisema. "Alifariki lini?"

Wankyo alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Alifariki lini, mama?"

"Hajafa," alisema Wankyo.

Gasper alisimama, kiti kikakwaruza sakafu. Padri akaweka kalamu chini. Kama mume yu hai, alisema, hapa hakuna ndoa ya kufungwa. Kuolewa na wa pili huku wa kwanza yupo hata serikali haikubali. Gasper akageuka kuangalia mlango.

Getruda alikuwa na njia bado. Angesema bibi amezeeka, anachanganya mambo, na wote wawili wangemwamini. Maneno yalifika kwenye ulimi kabisa. Akayameza, na yalikuwa machungu.

"Hajafa kwa sababu hajawahi kuwepo," alisema. "Mama hana mtoto. Aliyenioa ni yeye. Mimi ndiye niliyemwambia aje adanganye."

Akaeleza yote. Padri hakucheka, mambo hayo aliyafahamu tangu kwao.

"Sheria inataka mwanamume na mwanamke," alisema mwishoni, kwa kuchoka kidogo. "Kanisa ni hivyo hivyo. Getruda, wewe hukuwahi kuolewa. Si mjane, ni msichana huru. Ungesema hivi siku ya kwanza, hakuna mtu angekuuliza cheti."

Ukweli aliouonea aibu haukuwa na pingamizi lolote. Kilichokuwa kinamfunga ni yule marehemu.

"Kwa nini ulinidanganya?" Gasper aliuliza.

"Niliogopa utanicheka."

"Ningecheka," alisema Gasper, bado amekasirika. "Siku moja. Halafu ningeacha." Alirudisha kiti chake mahali pake, akamgeukia padri. "Soma tangazo, padri." Na kwa Wankyo, akainama kidogo: "Mama, kabla ya harusi nitakuja Buswahili na wazee wangu. Nije nimwombe huyu kwako, kwa utaratibu."

Wankyo alikuwa ameshanyanyuka, anajifunga kitambaa kichwani.

"Usihangaike, baba. Si umemsikia padri? Huyu hakuwahi kuwa wangu."

Getruda alimwita, "Mama." Wankyo aliitika kwa upole ule ule wa siku zote, na akaendelea kutembea.