Maji ya Wakaguzi

"Nionyeshe himoglobini ya kawaida inaishia wapi na ya selimundu inaanzia wapi!" Kidole changu kilikuwa juu ya skrini. "Mimi kwenye grafu hii naona kilima kimoja tu, kinene kama gunia."

"Kilima kimoja, himoglobini moja, mtoto mzima," alisema mkuu wa maabara. "Piga muhuri, mama. Watu wanasubiri."

"Mzima? Umesahau ulichofanya asubuhi?"

Asubuhi, nikiwa nachukua damu za wagonjwa wodini, bwana mkubwa alijitolea kutusaidia. Akaizimua sampuli ya damu ya mtoto kwa maji ya dripu. Eti maji ni maji!

Maji ya dripu yana chumvi. Sisi tunazimua kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi kabisa. Ukiwasha umeme, chembe za himoglobini zenye chaji hukimbia ndani ya maji hayo, zikafika kwenye myeyusho uliojaa ndani ya mrija wa mashine, zikapunguza mwendo na kubanana kwenye mstari mwembamba. Zikianza safari zimebanana hivyo, kila aina hufika kwa wakati wake na kilima chake. Ukitia chumvi, hazibanani. Vilima vinamezana, na aliyemo humo ndani hajulikani.

"Tuzimue upya," nikasema.

"Kwa maji gani? Chupa iliyobaki imewekewa wakaguzi wanaokuja kesho."

"Wakaguzi wana selimundu?"

"Usinijibu hivyo. Hapa si nyumbani kwako."

"Shukuru. Kwangu ungeshavutwa masikio."

Nje, kwenye benchi, alikaa dada mmoja na mtoto wa miezi minane aliyevimba vidole vya mikono. Hospitali mbili zilishamwambia kuwa anamlalia mtoto mikono usiku. Leo tukimwambia mtoto ni mzima, hatarudi tena. Atakaa naye nyumbani akimkanda maji moto, mpaka siku mtoto atakapoishiwa damu.

"Muhuri, mama," alirudia, akinisogezea fomu.

Niliichana mara mbili. Nikafungua kabati, nikakata utepe wa chupa ya wakaguzi kwa mkasi, nikazimua sampuli upya mbele ya macho yake.

"Nitakuandikia barua ya onyo!"

"Iandike. Na sababu uiweke."

Nikaingiza sampuli mashineni, nikabonyeza kitufe, nikatoka kumwambia yule dada asiondoke.