Nakshi Zilizofungiwa Ndani

Jumatano asubuhi Muhigirwa aliwasha kompyuta yake, na kompyuta ikamgomea.

Karakana alikuwa ameshaifungua tangu saa moja. Alifagia nyuzi za jana, akatia mafuta mashine ya kudarizi, akapanga mezani libaya sita, zile blauzi za kitenge za akina mama. Kisha akakuta kompyuta imejisasisha bila kumuuliza, na programu yake ya kuchorea nakshi inamwambia kwa Kifaransa kwamba muda wake umekwisha. Asipolipia mwaka mwingine, faili zake hazitafunguliwa.

"Faili zangu?" alikifokea kioo. "Ni mimi njo nilichora! Wewe ulichora nini?"

Alikuwa na haki ya kufoka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amechora nakshi zaidi ya mia mbili: shingo za libaya, mikono ya kanzu, misalaba ya nguo za kwaya. Shule aliiacha darasa la tano, lakini wanawake walivuka mpaka kutoka Bukavu kuja Kamembe kwa ajili ya mkono wake. Mmoja wao alikuwa Odette, mfanyabiashara, aliyeagiza libaya kumi na mbili za wamama wa upande wa bwana harusi, zote nakshi moja. Sita zilikuwa tayari. Sita zilikuwa bado, na kila shingo ilikuwa na kipimo chake cha kurekebishwa kwenye kompyuta. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nakshi isipofunguka, hata zile sita za kwanza zingekuwa kazi bure, kwa sababu hakuna ukoo utakaokubali nusu ya wamama wake wavae tofauti.

Alimpigia Fabien, fundi aliyemwekea kila kitu miaka miwili nyuma, akiapa kwamba ni orijino. Fabien alifika kwa pikipiki, akatazama, akacheka.

"Papa Muhigirwa, usijisumbue. Windows na programu niliweka zilikuwa za kuvunjwa, hazikulipiwa. Leo navunja ingine."

"Za kuvunjwa? Si uliniambia orijino?"

"Orijino ya kwetu, Papa."

Muhigirwa alichukua mkasi wake mkubwa, akaurudisha mezani polepole.

Kelele zilimtoa dukani Nasiba, muuza vitenge wa mlango wa pili. Alikuja na kompyuta yake ya Mac aliyoletewa na kaka yake kutoka Ubelgiji. "Chukua yangu, Papa. Hii haisumbuagi muntu. Ni kama hoteli, kitanda wanakutandikia."

Fabien aliipapasa kwa heshima, akatikisa kichwa. Programu ya Muhigirwa haikuwa na toleo la Mac.

"Na mimi nikitaka kuiweka kwa nguvu?" aliuliza Muhigirwa.

"Eh, hotelini hausogezi meza," Nasiba alikiri.

Aliyemaliza mjadala ni Christelle, binti wa dada yake, mwanamke wa miaka ishirini na saba anayechapa hati katika ofisi moja mjini. Alipita saa ya chakula, akasikiliza, akasema, "Tonton, weka Linux pa nafasi ya Windows. Iko ya bure, na programu ya kudarizi ya bure iko. Hakuna muntu atakufungia kazi yako."

"Linux ni ya baprofesa!" Fabien alipaza sauti. "Virusi haitaisumbua sana, nakubali. Lakini ukikwama utamwita nani?"

"Kitu cha bure, nani anakitengeneza kikiharibika?" Muhigirwa naye aliuliza. Hakupenda vya bure. Vya bure alivyowahi kupewa vilikuja na mtu wa kukumbushia.

"Mimi. Na kama si mimi, muntu yeyote mwenye kujua. Namna ilivyoundwa haifichwi." Christelle alimtazama Fabien. "Tena haitajiwasha upya ukiwa kazini, na haitakuambia ya kuvunjwa ni orijino."

Muhigirwa alikubali kwa hasira, jinsi mtu anavyohama nyumba ya mwenye nyumba mkorofi bila hata kuuliza choo cha nyumba mpya kiko wapi. Jioni Christelle alihamisha faili zote, akaweka mfumo mpya, akazirudisha. Kwa kuwa mtaani walikuwa wameibiwa kompyuta mbili tangu Pasaka, aliifunga diski nzima kwa neno la siri, ili mwizi asione kitu. Muhigirwa aliliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: namwezi, jina la marehemu mama yake. Christelle akawasha upya, akaligonga neno lile kwa vidole kumi huku akiongea na Nasiba, bila kutazama chini. Mfumo ukafunguka. Akaaga: alfajiri alikuwa anakwenda kijijini Gashonga kwenye mazishi.

Alhamisi asubuhi Muhigirwa aliwasha, akaandika namwezi. Ikakataa. Akaandika tena, herufi kwa herufi, akilitamka jina kwa sauti. Ikakataa. Hakuweza hata kuona alichoandika, kwa sababu kioo kilionyesha nukta tu. Akampigia Christelle. Simu haikupatikana.

Odette aliingia akiwa bado na kikapu begani. "Papa Muhigirwa, libaya zangu?"

"Maman, nimefungiwa tena. Jana nilifungiwa na batu ya kulipisha. Leo nimefungiwa na batu ya uhuru!"

"Mimi nilitaka nguo, sikutaka uhuru."

Fabien lazima alikuwa na pua ya mbwa, maana alitokea robo saa baadaye. Alisikiliza, akatabasamu, akatoa flashi mfukoni.

"Michoro yako yote iko humu. Dakika makumi tatu nakurudishia Windows na programu, unamaliza kazi ya Maman."

Muhigirwa aliipokea. Kisha akaitazama.

"Fabien. Michoro yangu imefika kwako namna gani?"

"Kila nikikuja kutengeneza, nabebaga kopi. Ni usalama wako, Papa."

Odette aliweka kikapu chini. "Kumbe! Njo sababu niliona nakshi ya shingo yangu kule Bukavu, soko la Kadutu, kwa fundi mwingine! Nikafikiri macho yangu yamechoka."

Fabien alianza kueleza habari za usalama, akaishia katikati. Muhigirwa aliifumbata flashi. Miaka miwili alimpa huyu mtu kiti, chai na mgongo wake. Akiiweka flashi hii, leo leo atamaliza. Asipoiweka, Jumamosi wamama sita watakosa nguo.

Simu ililia. Christelle.

"Imekataa jina la mama yangu!" alinguruma kabla ya salamu.

"Pole, Tonton. Unabonyeza nini? Anza."

"N. A."

"Hiyo A iko wapi kwenye kibodi?"

"Juu kushoto! Mahali A iko tangu dunia iumbwe!"

Christelle akacheka kwa aibu. "Yesu wangu. Kompyuta yako nayo ilitoka Ubelgiji, kibodi ni ya Kifaransa. Ofisini kwetu ni ya Kingereza, herufi zinakaa pengine, na jana niliandika bila kutazama. Kile kioo cha kwanza, cha neno la siri, kinajua kibodi ya Kingereza tu. Sikia: pa A bonyeza Q. Pa M, bonyeza alama ya mkato. Pa W bonyeza Z, na pa Z bonyeza W."

"Nani aliamua dunia yote inaandika Kingereza? Hata hawa wa uhuru?"

"Hapo walikosa, na mimi nilikosa. Nikirudi nitarekebisha. Inarekebishika."

Alibonyeza kama alivyoambiwa, akitukana kwa kila herufi. Ikafunguka.

Lakini michoro yenyewe haikufunguka. Programu ile ya zamani ilikuwa imeihifadhi kwa namna yake, isomwe na yenyewe tu. Zilizofunguka ni faili za mishono, zile za mashine: nukta kwa nukta, bila mistari aliyoichora. Ingebidi afuatishe juu yake upya, petali kwa petali.

"Unaona?" alisema Fabien. "Siku nzima. Yangu ni nusu saa."

"Chukua, Papa," Odette aliomba.

"Maman, libaya utazipata kesho saa nane. Kama hautazipata, nitakuja Bukavu mwenyewe kuomba radhi mbele ya wamama." Akamgeukia Fabien, flashi ikiwa mfukoni mwake tayari. "Hii inabaki hapa. Na zile ziko kwako nyumbani, utazifuta. Toka."

"Flashi ni yangu!"

"Na vilivyomo?"

Fabien alitoka bila kuaga.

Muhigirwa alichora Alhamisi yote, akanung'unika dhidi ya programu mpya iliyoficha kila kitu mahali asipopategemea, na Ijumaa tangu alfajiri mashine ikadarizi. Saa nane Odette alizitandaza libaya kumi na mbili mezani, akainama kuzikagua kama askari wa mpakani. Kidole kikasimama kwenye ya tisa.

"Petali hii imekonda."

"Ndiyo. Nimeichora mara mbili kwa sababu ya mwizi na kampuni. Unataka ya tatu?"

Odette aliipima kwa macho, akaikunja katikati ya zile nyingine.

"Itavaliwa na shangazi mnene," alisema. "Hakuna atakayeangalia petali."