Jani la Nne la Springi

Jumamosi asubuhi Evaristo Olguín aliipandisha pikapu yake kwenye vigogo, akaingia uvunguni kupunguza springi za mbele. Ilikuwa Chevrolet ya mwaka 1950, na ilitembea mashariki ya Los Angeles tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila springi ilikuwa na majani manane ya chuma yaliyobebana. Ukitoa jani, pua inashuka. Mtaa ule hawana habari na gari lililosimama juujuu. Gari la heshima huilamba lami, tena polepole, watu walishibe kwa macho.

"Baba, matatu yanatosha," alisema binti yake Delfina, akimpa kahawa. "Ukitoa la nne utaburuza bampa mpaka kanisani."

"Liburuzike. Bampa la nani?"

Akatoa la nne, kulia na kushoto.

Jumapili baada ya misa waliingia barabarani kwa mwendo wa harusi. Chini ya daraja la barabara kuu, pua ya pikapu ilizama ndani ya lami kama mkono kwenye unga, hadi usawa wa kioo. Lami haikupasuka. Taa zilimulika makaburi ya zamani ya parokia, na wafu wenyewe wameketi juu yake, wamevaa vizuri.

Evaristo alivua kofia. Aliyekaa mbele kabisa, akichambua maharage, alikuwa mama yake, Doña Trinidad. Karatasi ya serikali ilisema mabaki yake yalihamishwa kabla ya daraja kujengwa, akazikwa upya kule kilimani kando ya mumewe. Miaka ishirini na miwili Evaristo alikuwa akimpelekea maua huko.

"Umenenepa," mama alisema. "Na gari bado liko juu."

"Mama, si walikuhamisha?"

"Walihamisha jiwe. Baba yako hajambo?"

"Yuko peke yake, mama."

Doña Trinidad aliweka ungo chini. "Basi nipeleke kwake, mwanangu. Nimechoka na kelele za malori."

Evaristo akamshika mkono, akavuta. Mkono ulikuwa wa moto. Ulitoka hadi kwenye kiwiko, kisha lami ikakaza. Magari ya nyuma yalisubiri bila kupiga honi, na walioshuka waliwapitishia wa kwao mikate mitamu kandokando ya bampa.

"Hapa pachimbwe," Delfina alisema. "Lazima waje wenye ofisi."

Jumatatu, pikapu ikiwa bado imezama palepale, alikuja afisa wa barabara, kijana mpole aliyefunga tai. Alilala kifudifudi juu ya boneti, akamsalimia Doña Trinidad, akamuuliza mwaka wa kuzaliwa na jina la mume. Evaristo alisimama kando ameshika kofia kwa mikono miwili, akiomba kimoyomoyo. Afisa aliandika kila kitu, akamsomea bibi jina lake herufi kwa herufi, naye akasema ni sawasawa.

Mbele ya jina aliandika: amehamishwa.

Kisha akapima kimo cha bampa kwa futi yake, akampa Evaristo hadi Ijumaa awe ameyarudisha majani yote ya springi, kwa usalama wa watu wanaotumia barabara.