Jina kwenye Jiwe la Pangi

Sipendi jiwe lisilo na jina la mtu. Wazungu walipotuachia makumbusho yetu madogo ya Kindu, waliacha makabati sita ya mawe ya Maniema, na kila kibandiko kina jina la Mzungu aliyelipokea jiwe, si la mchimbaji aliyelitoa ardhini. Liliniudhi sana hilo. Tangu nikabidhiwe funguo, kila jiwe jipya nililiandikia mwenyewe: kijiji na namba kwa rangi juu ya jiwe, jina la mchimbaji kwenye karatasi. Wenzangu walinicheka eti nayabatiza.

Assani, mchimbaji wa Pangi, hakucheka. Mwanzo wa kiangazi cha 1974 aliniletea jiwe jeupe lenye mshipa wa dhahabu mnene kama kidole cha mtoto. Dhahabu ilikuwa mali ya Serikali; raia akikutwa nayo, jela. Nikamwambia.

“Baba Tshimanga, mie siiuzishe,” akasema. “Nataka tu jina yangu ibakie mu kabati.”

Nikaandika. Nilijiona mtu mwema kabisa.

Wiki ya tatu wakaja wawili wa usalama kutoka Kinshasa, wamevaa abakosti, zile suti za Serikali zisizo na tai, viatu havina hata chembe ya vumbi. Mkubwa wao alianza kabati la kwanza, akisoma vibandiko vyangu kwa sauti, jina baada ya jina, na mdogo akiandika. Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama asubuhi ile.

Jiwe la Assani lilikuwa chumba cha pili. Nikasema naenda kufungua madirisha. Kijiji kilikuwa juu ya jiwe lenyewe, rangi imekauka. Hicho sikuweza kukifuta. Na kuliacha bila jina kungenisaliti, maana mawe yote yalikuwa na majina. Nikachana karatasi ya Assani, nikaandika nyingine: Matata. Huyo alikuwa kaka yake, naye Assani alikwisha kuniambia kwamba walimzika mwaka uliopita. Maiti hafungwi, nikajiambia.

Yule mkubwa akafika, akasoma, akanitazama.

“Sitwayeni,” akaniita, yaani raia, “huyu Matata njo nani?”

“Muchimbaji, chef. Alisha kufa.”

“Alikufa.” Akatabasamu, akatia karatasi mfukoni. “Tutaenda kuona kaburi yake.”

Wakaondoka na jiwe. Ndani yangu nilikuwa na furaha ya mtu aliyemdanganya simba. Waende Pangi, wakahoji udongo!

Siku ya nane akaja Mwavita, mke wa Assani. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari.

“Baba, walimubeba,” akasema. “Walikuja na jeep, wakauliza Matata iko wapi. Batoto njo walimuonyesha.”

“Lakini Matata alikufa!”

“Kaka mukubwa alikufa, ndiyo. Na mudogo wake njo alirizi jina. Tangu tulimaliza kilio, kijiji muzima wanamuita Matata. Hakukuambia? Labda aliogopa kukuharibia karatasi yako. Kwako tu njo alibakia Assani.”

Mimi ni mtoto wa reli, nimezaliwa na Wakasai, wageni hapa Maniema, nimekulia kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na stesheni. Miaka mitatu niliandika majina ya watu wa Pangi, na hata siku moja sikuwauliza jina la mtu linakwenda wapi akifa.

“Alisema kama iko matata, nikuje kwako,” Mwavita akaendelea. “Wewe unamujua.”

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha mkono ulioandika.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliinama, akafunga vizuri kitambaa cha chakula alichomletea mumewe.

“Nitaenda kumuulizia ku jela,” akasema. “Niseme natafuta Assani ao natafuta Matata?”