Kompyuta Isiyozimwa

"Usiiguse hiyo," mama aliniambia, na mimi hata sijakaa.

Amri hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Tangu tumzike baba, kompyuta yake ya mezani haikuwahi kuzimwa. Aliyeiwasha ni yeye, na mama hakutaka mkono mwingine uizime. Umeme ukikatika, betri aliyoifunga baba mwenyewe inashika. Kwenye kioo kulikuwa na mchezo wa karata alioacha katikati, na kabla mama hajaugua, alikuwa akipangusa vumbi kila asubuhi bila kugusa kipanya.

Sasa alikuwa amelala kando ya meza hiyohiyo. Muuguzi alituita pembeni, mimi na shangazi, akatuambia tusitarajie kesho. Mama alitaka kitu kimoja tu: amwone mdogo wangu, kitindamimba wake, aliye ughaibuni na hana karatasi za kumrudisha nyumbani. Simu chumbani mle hazishiki, na mama habebeki. Mtandao ulikuja kwa waya mmoja, ulioishia nyuma ya kompyuta ya baba. Nao ukagoma siku hiyohiyo. Mungu wangu!

Kazi yangu ndiyo hiyo, kuhangaika na mitambo ya watu. Mama akanikubalia niiguse, mradi nisiizime. Baba alikuwa mtu wa mfumo wa Linux, hakutaka kusikia mwingine, kwa hiyo nikafungua dirisha la amri nikaanza kuandika. Kadi ya mtandao, ile iliyojengewa kwenye ubao mkuu wa mashine, ilionekana, lakini haikuitika. Nikabadilisha waya. Wapi! Nikaondoa dreva, programu inayoiendesha kadi, nikairudisha. Wapi! Kitaa cha tundu la waya hakikuwaka, nami nikatoa tusi ambalo shangazi alijifanya hakulisikia.

"Si uipige kofi kidogo?" akasema. "Redio yetu ilikuwa inakubali."

"Shangazi, tafadhali!"

Nikasoma kumbukumbu za mfumo, zikaniambia nilichokuwa nakikwepa. Kadi ilikuwa imeganda, na ikiganda hivyo, kuizima mashine na kuiwasha hakutoshi, maana kadi huendelea kunyonya umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa. Dawa yake ni kuzima, kuchomoa kila chanzo cha umeme, na kungoja ife kabisa. Naijua dawa hiyo tangu nianze kazi. Siku hiyo nilitamani nisiijue.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, lazima niizime."

Akafumba macho.

"Na karata zake?"

"Zitapotea, mama." Ningemdanganya, lakini huyu mama hadanganyiki. "Nizipige picha kwanza?"

"Picha ya nini? Alikuwa anashindwa." Midomo ilicheka, macho yakalia. "Hebu nisogezeni."

Tukamsogeza. Akaweka kidole kwenye kitufe, nami nikaweka changu juu ya chake kwa kuwa hakuwa na nguvu, tukabonyeza pamoja. Feni ikanyamaza. Kumbe sauti ile ilikuwa imejaa chumba kizima, na sisi tumeizoea. Shangazi akaanza kulia kama siku ya mazishi, wala sikumkataza. Nikachomoa umeme, nikachomoa betri, tukangoja.

Nilipoiwasha, kitaa cha tundu kikawaka kijani. Nikampigia mdogo wangu. Uso wake ukatokea palepale zilipokuwa karata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba yangu. Mbona umekonda hivyo? Huli?"

Akaangua kilio. Mama akamsubiri amalize kulia, kisha wakaongea, mama akimuuliza habari za kazi, za viatu, za baridi, mpaka sauti yake ikawa pumzi tu. Alikata roho kabla jua halijazama, akimtazama mwanawe.

Mdogo wangu alikaa nasi kwenye kioo muda mrefu, hakutaka kukata. Mwishowe akakata. Shangazi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usiiguse hiyo," nikamwambia.